Sababu za Kifamilia

Kibamba,
Ijumaa, 12 Januari 2024

Mdogo wangu Apolonia,

Salamu kutoka huku kwetu. Barua hii anakuletea wifi yako Anjelina, kesho akija Vingunguti kununua nyama machinjioni. Najua utashangaa. Kaka mtu yuko Kibamba, dada mtu yuko Vingunguti, jiji ni moja, halafu tunaandikiana barua kama zamani nikiwa seminari na wewe uko darasa la tano. Simu tunazo. Lakini tangu sikio lako lianze kukusumbua, mtu akitaka umsikie lazima apayuke, na haya si mambo ya kupayuka.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepangiwa kusikiliza rufaa ya kiwanja, na mrufani ni Albano. Ndiyo, Albano yuleyule, jirani yako fundi seremala. Anagombea kiwanja anachoishi na mfanyabiashara mmoja wa Buguruni aitwaye Theonest. Huko chini alishindwa, sasa amekuja Mahakama Kuu. Nilipofungua jalada nikakutana na jina lake, niliinuka kitini nikaenda kusimama dirishani.

Unajua alikonifikisha. Nilianza na udiwani kule kwetu Kusini, nikawa mwenyekiti wa halmashauri, nikapanda hadi ubunge, na ubunge wenyewe haukumaliza mwaka. Albano, niliyemshinda, alifungua kesi kupinga matokeo, na jaji akaufuta uchaguzi kwa kuwa mawakala wangu waligawa sukari siku moja kabla ya kura. Uchaguzi uliporudiwa tukashindwa wote wawili, kiti kikaenda kwa mtu wa tatu. Nikaja kwako na begi moja, ukanipa chumba cha uani, na kutoka hapo nikaanza upya uwakili katika kijiofisi cha kupanga Buguruni. Siku niliyofika nilikuambia jina la mtu yule lisitajwe tena nyumbani kwako. Naye alipohamia mtaani kwenu, nikawa nakuja kukuona kwa kupitia njia ya nyuma.

Sasa nitafanya hivi. Nitawaeleza pande zote, mahakamani, kwamba mimi na mrufani tuliwahi kuwa mahasimu wa siasa. Mwenye pingamizi aseme. Wasipopinga, nitaisikiliza. Na nataka kuisikiliza, Apolonia. Watu husema mwanasiasa habadiliki, anabadilisha joho tu. Nataka waone.

Kwa hiyo mpaka kesi iishe sitakanyaga Vingunguti, na usiniandikie neno lolote juu ya mtu huyo. Mengine yote niandikie.

Kaka yako,
Leodegar


Vingunguti,
Jumamosi, 20 Januari 2024

Kaka yangu Leo,

Shikamoo. Barua nimeipata, na nimecheka sana. Mheshimiwa Jaji mzima anajificha nyuma ya kikapu cha nyama cha mke wake!

Mie hapa mzima, shule tumefungua, na darasa langu mwaka huu limejaa hadi watoto wanakaa dirishani. Mlango wa uani uliokuwa unakwama umeshatengenezwa, sasa unafunga vizuri. Usiniulize nani kautengeneza.

Lakini kaka, nikuulize kama mwalimu. Katika majalada yote hayo, lazima hilo? Majaji wenzako wapo. Mpe mmoja, ubaki na yako. Utakuwa hujamwonea mtu. Unasema unataka waone. Nani hao? Wewe tangu zamani unapenda kuonwa. Nakukumbuka umesimama juu ya pikapu, jasho linakutoka, unaahidi maji, unaahidi barabara, unaahidi mpaka bei ya korosho kama vile unaipanga wewe, na mie nyuma yako nawaongoza akina mama kuimba. Tulikuwa tunamwimba vibaya yule… basi, umesema nisimtaje.

Siku ulipoapishwa ujaji nililia. Ulidhani nalilia lile joho. Wala! Nilikuwa nafikiri, sasa kaka yangu hatamwahidi tena mtu kitu. Ulikonda kwa ahadi, Leo. Kila mtu aliyebisha hodi alikuwa anakuja kudai. Umeshatoka huko. Kwa nini ujitafutie tena watu wa kukuangalia?

Mwachie mwenzako hilo jalada. Nisalimie watoto.

Mdogo wako,
Apolonia


Kibamba,
Ijumaa, 2 Februari 2024

Mdogo wangu Apolonia,

Ushauri wako niliusoma, lakini mambo yameshakwenda vizuri kuliko nilivyotegemea, nami lazima nikusimulie.

Jana niliwaita mbele yangu. Nikaeleza kila kitu: uchaguzi ule, kesi ile, kushindwa kwangu. Wakili wa Theonest, kijana nadhifu, aliposikia kwamba jaji na mrufani walikuwa maadui, alishindwa kuficha furaha. Akasimama na kusema, "Mheshimiwa Jaji, upande wetu hatuna pingamizi kabisa." Hiyo "kabisa" yake niliielewa.

Nikamgeukia Albano. Hana wakili, anajisemea mwenyewe. Kichwa kimekuwa cheupe, lakini anasimama vilevile kama alivyokuwa anasimama jukwaani. Nikamwambia, "Mzee, una haki ya kunikataa, na hakuna atakayekulaumu."

Naye akasema, "Mheshimiwa, siku uchaguzi wako ulipofutwa nilikuwa pale nje ya mahakama. Vijana wako walikuwa na mawe mkononi. Uliwaambia wayaweke chini waende makwao, nao wakaenda. Mtu anayeweza kushindwa namna ile, mimi namwamini. Sina pingamizi."

Sikujua kama aliona. Miaka yote hii nilidhani hakuna aliyeona. Nilijifanya naandika, Apolonia, kumbe kalamu ilikuwa haigusi karatasi.

Nimepanga kuisikiliza wiki ya tatu ya mwezi huu. Nitaisikiliza vizuri. Nafikiri ndiyo kesi niliyoijia katika kazi hii.

Kaka yako,
Leodegar


Vingunguti,
Jumamosi, 3 Februari 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Wifi amekaa hapa anakunywa chai, nimemwomba anisubiri niandike haraka.

Usiisikilize hiyo kesi. Nakuomba kwa jina la mama yetu. Sababu siwezi kukuandikia. Jitoe tu, tafadhali, kabla hiyo wiki ya tatu haijafika.

Apolonia


Kibamba,
Ijumaa, 9 Februari 2024

Apolonia,

Nimekaa na kikaratasi chako wiki nzima na kimenichoma.

Nikimuuliza Anjelina, anasema ulikuwa mzima, ila ulimwandalia chai ukasahau majani. Kwa hiyo huumwi. Basi imebaki sababu moja tu: unaogopa nitamlipizia kisasi mzee wa watu. Yeye mwenyewe niliyegombana naye ananiamini mbele ya mahakama, na wewe tuliyezaliwa tumbo moja huniamini.

Wewe ndiye uliyeniona nimelala katika chumba kile, sioni sababu ya kuamka. Ndiye uliyeniletea uji ukaniambia, "Kaka, wewe ni mwanasheria kabla hujawa mheshimiwa." Nimeifanya kazi hii kwa maneno yako yale. Sijawahi kumwangalia mtu usoni kabla sijasoma ushahidi wake. Nimewapa ushindi watu walionitukana, na rafiki zangu wameshindwa mbele yangu wakaacha kunisalimia kanisani. Hayo yote hayatoshi? Bado mimi kwako ni yule wa juu ya pikapu?

Bila sababu sijitoi. Jaji hawezi kuikimbia kesi kwa kuwa dada yake ameota vibaya. Ukiwa na sababu, iandike. Kama huna, niache nifanye kazi yangu.

Leodegar


Vingunguti,
Jumamosi, 10 Februari 2024

Kaka yangu Leo,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Haya, sababu unaitaka, chukua. Ukimaliza ucheke au ulie, utachagua mwenyewe.

Albano alinichumbia.

Ilikuwa mwaka jana, kabla ya Krismasi, hata mie sijajua kama kuna rufaa. Alikuja mchana kweupe, shati limenyooshwa, akakaa uani. Mke wake alishafariki, na mume wangu Jonas unajua tulivyomzika. Akasema, "Mwalimu, mimi maneno yangu yote yaliishia kwenye kampeni, nimebaki na machache. Naomba tuzeeke pamoja."

Nikamwambia, "Mzee Albano, umesahau nilivyokuwa nakuimba?"

Akasema, "Ule wimbo ulikuwa mtamu, Mwalimu. Hata mimi nilikuwa nauimba nikioga."

Kaka, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sikuwa nimecheka vile tangu Jonas aondoke. Halafu nikamkatalia. Sikumwambia kwa nini, lakini ilikuwa kwa ajili yako. Wewe ulishasema jina lake lisitajwe nyumbani kwangu, mie ningeanzaje kulibeba mwenyewe? Akasema tu, "Sawa, Mwalimu," akaenda zake, wala hakurudia tena. Mlango wangu ulipozidi kukwama alikuja na randa yake, akautengeneza, akaondoka chai haijapoa.

Kwa hiyo pale mahakamani hakukudanganya. Kwake lile jambo lilishakwisha, na si mtu wa kunitaja mbele za watu. Anayejua kwamba halijaisha ni mie peke yangu. Mdomo ulikataa, moyo haukukataa. Nikitoka shule nikasikia nyundo yake inagonga, ndipo najua nimefika nyumbani.

Sasa pima, wewe si jaji? Ukimpa ushindi, halafu mie nikamkubali, mji mzima utasema Jaji Leodegar kampa shemeji yake kiwanja. Na akishindwa, mie nitamwangalia vipi mtu ambaye kaka yangu kamtoa kwenye nyumba yake? Sikuogopa kisasi chako, kaka. Hata siku moja. Niliogopa haki yako, maana ingeangukia upande wowote, ingeniangukia mie.

Nilinyamaza kwa aibu. Mwanamke wa umri wangu, mwalimu wa watu, nimwandikie kaka yangu habari za mapenzi? Sasa nimeandika. Nisamehe.

Mdogo wako,
Apolonia


Kibamba,
Ijumaa, 16 Februari 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Nimechagua kucheka. Anjelina alinikuta barazani asubuhi, barua yako mkononi, nacheka peke yangu na machozi yananitoka, akadhani nimepatwa na wazimu. Nikampa asome. Akasoma, akarudisha, akasema, "Mimi nilijua tangu siku ya chai bila majani." Wanawake nyie!

Jana nimejitoa. Niliwaita pande zote nikasema ninajiondoa katika shauri hili kwa sababu za kifamilia, na kwamba si lazima nizieleze zaidi. Yule wakili kijana alinywea. Albano alinitazama kwa namna iliyoniumiza, kama mtu aliyebisha hodi akasikia komeo linafungwa kwa ndani. Jalada limekwenda kwa mwenzangu, Jaji Felicitas, mama asiyejua habari za jimbo letu wala za mtaa wako.

Nilitegemea nirudi nyumbani nimenyong'onyea. Haikuwa hivyo. Nilipofika ofisini nilivua joho, nikakaa, nikasikia njaa. Njaa ya kweli, ya mtu aliyetoka kulima! Tangu jalada lile linifikie nilikuwa nakula kwa kujilazimisha. Hapo nikaelewa ulichoniandikia mwanzo. Sikuitaka kesi ya Albano kwa ajili ya Albano. Niliitaka ili nishinde mimi. Kila mtu atakayeingia mahakamani aone jinsi Leodegar alivyo mwadilifu. Hizo ni kampeni, Apolonia, kasoro pikapu tu. Umenishusha, nami nashukuru kushuka.

Kuhusu lile jingine. Nilipokukataza jina lile nilikuwa mtu aliyejeruhiwa, na mtu aliyejeruhiwa hutoa amri nyingi. Ile naifuta. Moyo wako ni wako. Nakuomba kitu kimoja tu: usimjibu mpaka Jaji Felicitas atoe hukumu yake, mtu asije akasema ulitumwa. Na hukumu yenyewe inaweza kuwa mbaya kwake. Mimi nililisoma jalada lile, lakini sitakuambia niliona nini humo, leo wala kesho.

Kesho Anjelina akija mpe ule mchicha wako. Sasa nakula.

Kaka yako,
Leodegar


Vingunguti,
Ijumaa, 28 Juni 2024

Kaka yangu Leo,

Shikamoo, shikamoo tena!

Najua tulikubaliana kimya, na kimya nimekitunza mpaka kimeniotesha vidonda mdomoni. Miezi yote hii nampita Albano namwambia "habari za kazi" kama vile namsalimia karani wa posta. Leo kimekwisha. Kashinda!

Alirudi kutoka mahakamani mchana, nami nilikuwa nyumbani, shule tumefunga. Niliona watu wamejaa kwake nikaenda. Anasema Jaji Felicitas alisoma taratibu, kwa sauti ndogo, ikabidi wote wainamishe vichwa kumsikiliza. Kuna bibi aliyemuuzia Albano kiwanja zamani, Albano kajenga, kaishi hapo kila mtu anamwona. Bibi alipokufa watoto wake wakamuuzia Theonest kiwanja hichohicho. Jaji akasema hao watoto hawakuwa na kitu cha kuuza. Basi. Theonest naye hana kosa, alidanganywa tu, na Albano anasema walipotoka nje walipeana mikono na Theonest akamuuliza kama anatengeneza vitanda.

Watu walipopungua nikabaki. Alikuwa karakanani anakusanya randa na misumeno yake, maana alishaanza kufunga mizigo akijua atashindwa. Akaniambia, "Nimeshinda, Mwalimu, lakini kuna kitu kinanikaa hapa. Kaka yako alinikimbia. Nilimwambia hadharani kwamba namwamini, akanikimbia. Sijui nilimkosea nini."

Nikasema, "Hakukukimbia. Mie ndiye niliyemtoa."

"Wewe? Kwa nini?"

"Kwa sababu lile uliloniuliza Desemba nilikujibu uongo."

Kaka, mtu mzima yule alikaa chini, kwenye maranda ya mbao, na suruali yake ya mahakamani. Akaniangalia weee, halafu akasema, "Hebu rudia, Mwalimu. Nisije nikawa nimesikia matokeo ya kata nyingine."

Nikarudia. Safari hii nilimjibu ukweli.

Anasema ataleta posa kwako, kwa kuwa baba hayupo na wewe ndiye mkubwa wetu. Anaogopa. Nimemwambia asiogope, lakini hata mie naogopa kidogo. Usimtese.

Mdogo wako,
Apolonia


Vingunguti,
Jumatatu, 8 Julai 2024

Kwa ndugu Leodegar,
Kibamba

Barua hii itakufikia kwa mkono wa mshenga wangu. Nimeianza kwa "Mheshimiwa Jaji" nikafuta. Nikaandika "Mheshimiwa Mbunge mstaafu", nikaona nitakuwa nimejichongea mwenyewe, nikafuta. Nimeishia kwenye "ndugu". Neno ninalolitaka ni jingine, lakini hilo ni la kupewa, siwezi kujichukulia.

Mimi, Albano, mgane, fundi seremala, Mkristo wa parokia hii, kwa heshima na taadhima naiomba familia yako initolee dada yenu, Mwalimu Apolonia, awe mke wangu wa ndoa. Sina cheo. Nilichokitafuta sikukipata, na wewe unajua vizuri kuliko mtu yeyote jinsi nilivyokitafuta. Nina nyumba ambayo sasa mahakama imesema ni yangu, nina kazi ya mikono, na nina afya ya kutosha kumchotea maji.

Juu ya kesi ile ya uchaguzi, sitakuomba radhi kwa kuifungua, kwa maana nitakuwa namdanganya jaji. Niliamini nina haki. Lakini sikufurahi ulivyoanguka. Nilisikia ulikuwa umelala Vingunguti huamki, na mke wangu marehemu aliniambia nikuendee, nikaona haya. Ningekwenda siku ile, pengine leo tusingehitaji mshenga.

Nangoja jibu lako, liwe lolote. Nimewahi kungoja matokeo mabaya zaidi.

Wako mtiifu,
Albano


Vingunguti,
Jumatatu, 22 Julai 2024

Kaka yangu Leo,

Shikamoo. Nimefika salama jana, nimelala usingizi wa mtoto. Lakini nina malalamiko, na nayaandika ili yawe rasmi.

Uliwaita kina Albano Jumapili baada ya misa ya pili, ukawapokea vizuri, hilo nakupa. Wifi aliniweka chumbani kwenu na kanga mpya kichwani, nisubiri niitwe, niulizwe kama nimeridhia. Ndiyo desturi, nikakaa. Nikasikia mshenga anaeleza, nikasikia wazee wanaitikia. Nikakusikia wewe unasema, "Albano, karibu nyumbani," nami huku chumbani nikajifuta macho na ile kanga mpya. Nikasema, sasa wataniita.

Nikangoja. Badala ya kuitwa nasikia Albano anasema, "Lakini shemeji, kura za kule bondeni ulinizidi kihalali." Na wewe unasema, "Kule nilikuzidi, ila mjini ulinimaliza, nilikuwa sijui nikimbilie wapi." Basi! Mkaanza. Kata kwa kata, kituo kwa kituo, nani aliwahama, nani alikula huku akala na kule. Mara mnapiga meza, mara mnacheka mnakohoa. Wazee waliokuja kwa ajili yangu wakageuka kuwa mkutano wa hadhara. Pilau likapoa. Sikio langu hili bovu, lakini kila kitu nilisikia.

Wifi Anjelina akafungua mlango, kajishika kiuno. Akaniambia, "Wifi, toka tu mwenyewe. Hawa wawili hawatakuita leo."

Nikatoka. Nikavuta kiti, nikakiweka katikati yenu, nikakaa. Nikasema, "Jamani, nimeridhia." Ndipo mlipokumbuka mmekusanyika kwa kazi gani.

Mdogo wako,
Apolonia